Mashindano ya Shuleni: Je, Watoto Wetu Wanajifunza Kushinda au Kutambua?



Kila ifikapo katikati ya mwaka, viwanja vya shule katika mkoa wetu wa Morogoro hujaa shamrashamra. Ni majira ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari: timu huchujwa kutoka shule hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na hatimaye hufika ngazi ya taifa. Kando ya michezo hiyo yapo mashindano na shughuli nyingine zisizo na vifijo vingi: insha za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za SADC, midahalo, chemsha bongo, maonesho ya sayansi, klabu za mazingira, klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na klabu za kodi zinazolelewa na TRA. Yote hayo hufanyika kwa nia ya kumjenga mwanafunzi. Swali tunalotaka kulitafakari leo ni kama yanamjenga kweli. Na kama yanamjenga, ni mwanafunzi yupi anayefikiwa na yupi anayeachwa chini ya mlima.

Tunaliuliza swali hili sasa kwa sababu nchi yetu imo katika mageuzi makubwa ya elimu. Tarehe 1 Februari 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya ambayo utekelezaji wake ulikwisha kuanza Januari 2024. Sera hiyo inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, na imefungua mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sasa neno hilo la wahenga limeandikwa katika mtaala wa taifa.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba mtaala unaodai umahiri badala ya kukariri si jambo jipya. Ulitangazwa kwa sekondari tangu mwaka 2005. Miaka karibu ishirini ilipita, na bado mzazi aliyetaka kujua maendeleo ya mwanawe aliuliza daraja alilopata katika mtihani, na mwalimu aliyetaka kulinda sifa ya shule alirudia maswali ya mitihani iliyopita. Maandishi ya sera hayabadilishi darasa kwa siku moja. Wanafunzi bado ni wengi, mwalimu bado ni mmoja, na mtihani ndio hakimu wa mwisho. Katika hali hiyo, shughuli za nje ya kipindi huweza kuwa mahali ambapo roho ya mtaala mpya inajaribiwa kwa gharama ndogo, kabla haijaenea darasani. Ndiyo maana haifai kuzichukulia kama burudani ya kujaza muda.

Kujua na kutambua

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wakiwamo vijana wa bodaboda. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha, na Taifa likaomboleza kwa siku tatu. Zipo familia katika parokia zetu ambazo hadi leo hazijapona jeraha hilo.

Hatuyakumbushi haya ili kuwahukumu marehemu. Umaskini huuvuta mkono wa mtu hata pale akili inapousihi urudi. Lakini kwa heshima yao, na kwa ajili ya watoto waliobaki, hatuna budi kuuliza swali gumu. Ni nani aliyekuwa pale asiyejua kwamba petroli huwaka? Jambo hilo linajulikana na kila aliyewahi kuwasha koroboi, na limo katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi. Taarifa ilikuwapo. Ilishindwa kuuzuia mguu kwa sababu mtu hakuwa peke yake: alikuwa katikati ya umati, na umati ulikuwa unakwenda.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya kujua na kutambua. Kujua ni kuweza kujibu swali ukiulizwa. Kutambua ni kuliona swali hata kama hakuna aliyekuuliza, na kulijibu kwa mwenendo hata kama wenzako wote wanajibu vingine. Mtihani hupima la kwanza. Mtahiniwa huketi peke yake, kimya, na swali limekwisha kuandikwa. Maisha hayaji hivyo. Huja na kelele, na haraka, na marafiki wanaocheka.

Kwa hiyo, mdahalo wa shule una kazi ambayo hakuna kipindi cha darasani kinachoweza kuifanya kikamilifu. Msichana wa kidato cha pili anayesimama mbele ya wanafunzi mia tatu kutetea upande usiopendwa, akazomewa kidogo, akavuta pumzi na kuendelea na hoja yake hadi mwisho, amefanya zoezi la kusimama mbele ya umati. Mvulana aliyeigiza katika mchezo wa jukwaani nafasi ya kijana anayewakataza wenzake jambo la hatari, amekwisha kuyatamka maneno hayo kwa kinywa chake angalau mara moja. Siku ya hatari ikija, maneno hayo hayatakuwa mageni. Hatudai kwamba mdahalo mmoja ungezuia msiba wa Msamvu. Tunachosema ni kwamba ujasiri wa kutofautiana na wengi hujengwa kwa mazoezi kama misuli inavyojengwa, na shule ndiyo mahali salama zaidi pa mazoezi hayo.

Funzo la matuta ya Uluguru

Milima yetu yenyewe ina historia inayotufundisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko wa udongo katika miteremko na kulinda vyanzo vya maji. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekaidi aliadhibiwa. Lakini katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba juu ya mlima. Kuchimba tuta kulifukia rutuba na kuinua udongo wa chini usiozaa. Watu walifanya kazi ngumu na kuvuna kidogo. Malalamiko yakageuka kuwa hasira, na mwezi Julai 1955 mkusanyiko wa wananchi huko Matombo ulikabiliana na polisi. Risasi zikafyatuliwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukavunjika.

Wakati huohuo, upande wa Mgeta, ambako wakulima walikuwa na maji ya kumwagilia, mboga za kuuza na soko la kuziuzia, matuta yalishika mizizi na yanaonekana hadi leo. Mlima ni ule ule, na watu ni wale wale Waluguru. Mgeta mkulima aliiona kwa macho yake sababu ya tuta; Matombo aliona amri tu.

Yeyote anayepanga shughuli ya kuwaelimisha wanafunzi juu ya mazingira angefaa kuanza na habari hii. Vyanzo vya mto Ruvu vimo katika milima hii, na sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Mwaka 2022, Ruvu ulipopungua kina, mamilioni ya wakazi wa jiji walipewa maji kwa mgawo. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ukiwa na eneo linalozidi hekta 24,000. Ndani yake wamo ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Mtoto wa Kinole, Tawa au Nyandira amezaliwa juu ya hazina hiyo. Je, tumpe wimbo wa kukariri kuhusu faida za miti, au tumpe nafasi ya kupima mwenyewe ni kiasi gani cha udongo kinachosombwa na mvua moja katika shamba lenye matuta na katika shamba lisilo nayo?

Wapo waliokwisha kutuonesha njia. Klabu za Malihai zimekuwa zikiwalea wanafunzi wa Tanzania katika uhifadhi tangu mwaka 1980. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, mtafiti Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alianzisha vikundi vya Roots & Shoots akiwa na wanafunzi kumi na wawili tu wa sekondari; leo vikundi hivyo vimeenea katika nchi nyingi za dunia. Jambo lililovifanya viishi ni kwamba wanafunzi wenyewe huchagua tatizo la mahali wanapoishi na kulifanyia kazi. Baba Mtakatifu Fransisko aligusia jambo hilohilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoeleza kwamba elimu ya mazingira haiwezi kuishia katika kutoa taarifa na kutunga sheria, bali lazima ijenge mazoea ya kila siku.

Padre, mwanafizikia na wazo lililosafiri

Miongoni mwa mashindano yanayofanyika nchini, tunaona kwamba yale ya Young Scientists Tanzania yanastahili kutazamwa kwa karibu, na asili yake ina mvuto wa pekee kwa msomaji Mkatoliki. Mwaka 1963, wanafizikia wawili wa University College Dublin nchini Ireland, Padre Tom Burke wa Shirika la Wakarmeli na mwenzake Tony Scott, walikuwa Marekani kwa shughuli za utafiti. Huko waliona maonesho ya sayansi ambamo wanafunzi wa shule walionesha majaribio yao wenyewe. Waliporudi nyumbani waliamua kuanzisha jambo kama hilo, na mwaka 1965 maonesho ya kwanza yakafanyika Dublin. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, likihimiza kwamba watoto na vijana wasaidiwe kukuza kwa ulinganifu vipaji vyao vya mwili, vya maadili na vya akili.

Wazo hilo la Dublin lilifika kwetu mwaka 2011, Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania. Maonesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Wanafunzi, kwa vikundi vidogo, huchagua tatizo katika jamii yao. Chini ya uangalizi wa mwalimu, hukusanya takwimu, hufanya majaribio na kuandika walichokipata. Kisha husimama mbele ya bango lao na kujibu maswali ya waamuzi ambao ni wanasayansi. Washindi wamekuwa wakipata, miongoni mwa zawadi nyingine, ufadhili wa masomo ya chuo kikuu.

Tunaomba msomaji aone tofauti iliyopo kati ya shindano hili na chemsha bongo ya kawaida. Katika chemsha bongo, muuliza swali anajua jibu. Katika utafiti wa mwanafunzi, hakuna anayejua jibu mpaka kazi iishe, hata mwalimu. Jambo hilo humweka mwalimu mahali pageni, na si kila mwalimu anapapenda. Lakini mwanafunzi aliyewahi kumsikia mwalimu wake akisema "sijui, hebu tupime" amepata somo ambalo hatalisahau: kwamba ukweli hautegemei cheo cha msemaji.

Morogoro haina upungufu wa mambo ya kupima wala wa watu wa kuelekeza. Hapa pana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Katika chuo hicho ndiko shirika la APOPO linakofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya Magawa, aliyetunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutegua mabomu huko Kambodia, alizaliwa na kufunzwa hapa Morogoro. Dunia nzima iliisoma habari hiyo. Je, ni wanafunzi wangapi wa shule zilizo umbali wa kilometa chache tu ambao wamewahi kufika kuona kazi hiyo, na kuuliza kwa nini panya na si mbwa?

Nani anafika jukwaani?

Hapa tunafika kwenye kiini cha wasiwasi wetu. Mkoa wetu una shule mbili za sekondari za vipaji maalumu zinazojulikana nchi nzima: Mzumbe kwa wavulana na Kilakala kwa wasichana. Kilakala ilianza mwaka 1957 kwa jina la Marian College, chini ya Masista wa Maryknoll, kabla ya kuwa shule ya Serikali. Mama Getrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 na baadaye Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004, alisoma katika shule hiyo. Tunajivunia historia hiyo.

Lakini shule za vipaji maalumu huchukua wanafunzi waliokwisha kufaulu vizuri kutoka nchi nzima. Mtoto wa kawaida wa Uluguru husoma katika sekondari ya kata, nyingi kati yake zikiwa zimejengwa kwa nguvu za wananchi na Serikali tangu katikati ya miaka ya 2000. Shule hizo zimefanya kazi kubwa ya kufungua mlango. Hata hivyo, taarifa ya shindano ikifika huko, mara nyingi hufika imechelewa. Masika barabara ya mlimani huteleza na magari hayapandi. Mwalimu wa sayansi akiwa mmoja, akisafiri na wanafunzi wawili, mamia wanaobaki hawana kipindi. Nauli na malazi huombwa kwa wazazi, na mzazi ambaye bei ya ndizi zake imeshuka husema mwaka huu haiwezekani. Kwa hiyo shindano linalotangazwa kuwa la wanafunzi wote huishia kuwa la wale wanaoishi karibu na lami.

Kikwazo cha pili ni lugha. Insha na midahalo mingi ya sekondari hufanyika kwa Kiingereza. Tunatambua kwamba Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo, na kwamba kijana anakihitaji. Lakini mwanafunzi anayefikiri kwa kina kuhusu maji ya kijiji chake, kisha akashindwa kwa sababu alikosea nyakati za kitenzi cha kigeni, hakushindwa katika maarifa. Shindano lililotangaza kupima uelewa limepima lugha, na pengine halijui kwamba limefanya hivyo. Tangu UNESCO iliposhusha azimio la mwaka 2021, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tungefurahi kuiona siku hiyo ikiadhimishwa katika shule zetu kwa mdahalo mzito wa Kiswahili juu ya ardhi, maji, ndoa za utotoni au akili unde, pamoja na mashairi na ngonjera zilizozoeleka.

Kikwazo cha tatu kinahusu usalama. Mashindano huwatoa watoto nyumbani, huwalaza katika mabweni ya shule nyingine, na huwaweka mikononi mwa watu wazima wasiowafahamu. Mzazi anayesita kumruhusu binti yake kusafiri hana ujinga, ana sababu. Shule inayotaka ridhaa yake imwonesha kwanza majina ya walezi wa kike watakaosafiri, mahali watoto watakapolala, na namba atakayopiga usiku. Bila hayo, hotuba kuhusu usawa wa kijinsia katika sayansi itabaki hotuba.

Hoja ya wanaotilia shaka

Wapo wanaosema kwamba shughuli hizi zinakula muda wa masomo. Hoja hiyo ina historia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yaliwahi kusitishwa nchini, kisha yakarejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa sehemu. Shindano linaloondoa wanafunzi darasani kwa majuma matatu ili kikundi kidogo kifanye mazoezi, huku wengine wakiwa watazamaji, lina gharama ambayo haionekani katika picha za kombe. Lakini dawa ya hilo ni kupanga vizuri. Kufuta kabisa ni kumrudisha mtoto kwenye dawati na daftari la kunakili.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kuchochea ubinafsi wa mtu mmoja mmoja badala ya moyo wa ushirikiano. Alitaka elimu yetu ijenge akili ya udadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayofanya wengine, na kujiamini kwa mtu aliye huru miongoni mwa walio sawa naye. Je, mashindano hayarudishi ubinafsi huohuo kwa mlango wa nyuma? Hatari hiyo ipo. Tumeona insha zinazonuka mkono wa mtu mzima. Tumeona shule zinazowapeleka washindi walewale kila mwaka ili kombe lisitoke kabatini. Mtoto anayefundishwa kwamba ushindi unapatikana kwa njia yoyote ameandaliwa kuwa mtumishi wa umma wa namna tunayoifahamu, hata kama ni mwanachama wa klabu ya wapinga rushwa.

Jibu letu linatoka katika desturi ya wazee wetu. Kabla ya shule, watoto walishindana jioni kwa vitendawili. Mmoja alitega, wengine wakategua. Walioshindwa walimpa mtegaji mji, naye akiupokea aliwaambia jibu. Tuangalie vizuri mwisho wa shindano hilo. Aliyeshindwa aliondoka na jibu. Kesho yake alikitega kitendawili kilekile mahali pengine, naye akapewa mji. Shindano lilimfurahisha mmoja na kuwafundisha wote.

Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kwa kila shughuli ya shule: je, aliyeshindwa anarudi nyumbani akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho asubuhi? Ikiwa ndiyo, shindano hilo ni la kielimu. Ikiwa anarudi na aibu na nauli iliyoliwa, basi tumewatoza watoto wengi gharama ili kumpongeza mmoja.

Yanayowezekana

Kwa kipimo hicho, tunaona mambo kadhaa yanayowezekana bila kusubiri bajeti mpya.

Kwanza, mashindano yaanze na yamalizike karibu. Shule tatu au nne za kata moja au za kata jirani, zinazofikiana kwa miguu, zinaweza kufanya mdahalo wa mwezi kwa zamu, Jumamosi, bila posho wala basi. Ngazi ya mkoa iwe kilele cha kazi hiyo, wala isiwe mwanzo wake.

Pili, waamuzi watoe maelezo. Kila kikundi kipewe karatasi yenye mistari michache: jambo lililofanyika vizuri, hoja iliyokuwa dhaifu, na kitu cha kusoma. Karatasi hiyo ndiyo jibu la kitendawili. Gharama yake ni kalamu na nusu saa ya uvumilivu.

Tatu, matokeo yarudi kijijini. Wanafunzi waliopima maji ya mto Morogoro juu ya mji na chini ya mji, au waliolinganisha mavuno ya mboga katika matuta mawili ya Mgeta, wasomewe na serikali ya kijiji na wakulima wenyewe. Mkoa wetu una viwanja vya Nane Nane vya Mwalimu Julius K. Nyerere, ambako kila Agosti wakulima wa Kanda ya Mashariki hukusanyika. Meza moja ya wanafunzi katika maonesho hayo, yenye swali walilolichunguza na takwimu walizozikusanya, ingewafikia watu ambao hakuna semina inayowafikia.

Nne, parokia na jumuiya ndogondogo zisaidie bila kubagua dini. Ukumbi wa parokia unaokaa mtupu siku za wiki unaweza kuwa mahali pa mdahalo na maktaba ya jioni. Vijana wa TYCS wanaweza kuwa waandaaji, nao wawaalike wenzao Waislamu na wa madhehebu mengine, kwa kuwa maji ya Ruvu hayaulizi anayeyanywa anasali wapi. Wasomi waliostaafu, wauguzi, mabwana shamba na bibi shamba waliomo katika jumuiya zetu wanaweza kuombwa kuwa waamuzi na washauri. Wengi wangekubali kama wangeombwa.

Tano, wazazi wabadili swali. Mtoto anaporudi kutoka kwenye shindano, swali la kwanza lisiwe "mmekuwa wa ngapi?" Aulizwe ameona nini, amesikia hoja gani ngeni, na ni jambo gani ambalo sasa analifikiria tofauti na alivyolifikiria asubuhi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na maswali ya mzazi ni sehemu ya malezi hayo.

Tunawashukuru walimu ambao, bila posho wala kutajwa majina, hubaki shuleni jioni kuwafundisha watoto kusimama na kusema, kupima na kuandika, kukubali kushindwa na kujaribu tena. Mitaala itabadilika, na mawaziri watabadilika. Lakini milima ya Uluguru itaendelea kumwaga maji au itakoma, na barabara ya Msamvu itaendelea kupitisha malori ya mafuta mchana na usiku. Watakaoamua nini kifanyike siku hiyo ni hawa waliomo madarasani leo. Tuwape mazoezi ya kuamua mapema, wote, na wa juu mlimani wasiachwe.